Breki ya Pili Chini ya Maji

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu Honi,

Pokea salamu za nyumba hii na za nyumba ya mama yako. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo linaendelea kutabiri mvua isiyonyesha. Mkazamjomba wako ameshona mapazia mapya ya sebuleni, rangi ya machungwa kali, na sasa kila mgeni akiingia anakunja uso kama dereva aliyeelekea jua la asubuhi. Mimi ni mzima. Ninafundisha, ninapiga kelele, jioni sauti inakauka.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Miaka yote ninawapokonya wanafunzi simu zao kabla hawajagusa usukani. Leo nikionekana mjini nimeibandika yangu sikioni, nani atanisikiliza tena? Isitoshe, barua inakutaka ukae ufikiri. Simu inakutaka uropoke.

Jambo lenyewe ni hili. Unamkumbuka Bi Rivasi, yule mwanafunzi wangu ambaye kila akiingiwa na hofu alikuwa anarudisha gari nyuma? Amefaulu! Alifeli mpaka mkaguzi akaanza kumwonea huruma, lakini mwezi uliopita aliendesha mbele tangu mwanzo hadi mwisho, akapewa leseni, akalia, nami nikalia kidogo kwa sababu ya vumbi. Sasa mama huyu anafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha watalii, na kwa shukrani amenizawadia safari ya kuja huko kwenu: basi, chumba cha hoteli, na kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni, nikauone mwamba wa matumbawe. Kituo cha kuzamia ameniachia nichague mwenyewe.

Mkazamjomba wako alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi, Honi, nimeipokea zawadi hii kwa moyo wote. Maisha yangu yote nimeitazama dunia kupitia kioo cha mbele cha gari, na sehemu kubwa ya niliyoyaona ni matako ya malori. Kabla sijastaafu nataka kuona kitu kisicho na namba ya usajili.

Wewe unaishi hukohuko. Nizungukie hivyo vituo uniandikie kwa kina. Sitaki habari za rangi ya boti wala picha za samaki ukutani. Nataka kujua mwalimu anafundishaje. Gari langu la kufundishia, unalijua, lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu, na bila hiyo ya kwangu mimi ningekuwa marehemu wa siku nyingi. Sasa chini ya maji hiyo breki ya pili iko wapi, na nani anaikanyaga? Kituo kisichoweza kujibu swali hilo, kipite kama unavyopita shimo la barabarani.

Nisisahau. Mama yako amenidokeza kwamba kuna mtu. Sikuuliza ni nani. Kanuni ya familia unaijua: akija, aje na leseni. Nitakaa naye garini nusu saa tu, na nikishuka nitakuwa nimemjua kuliko mama mzazi wake. Yule mwalimu wa hesabu alizimisha gari kwenye kilima cha sokoni, kisha akakilaumu kilima. Yule daktari wa meno aliendesha vizuri, lakini alimpigia honi mama mjamzito kwenye kivuko. Kwangu wote wawili walifeli, na sijajuta. Mama yako amesema nikikubali mimi, amekubali yeye. Basi usininunie, ninafanya kazi yangu.

Mjomba wako


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenikuta salama, na nimeisoma kwa sauti katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu, wafanyakazi wenzangu wakacheka mpaka pasi ikaacha alama kwenye kitambaa cha meza. Tafadhali nisalimie Mkazamjomba na umwambie mapazia akiyachoka ayaloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kuyafua, la sivyo nyumba nzima itakuwa ya machungwa. Goti la Mama ulipe pole zangu.

Sisi tumeletewa mashine mpya ya kukaushia. Inakausha haraka, lakini inameza soksi. Wageni wanakuja kuzidai, nami ninawaahidi kwamba mashine ikishiba itazirudisha. Tangu wanifanye mkuu wa chumba cha kufulia, nusu ya kazi yangu ni kusema uongo kwa upole.

Vituo nimevizungukia vyote vitatu. Mimi sijui kuzamia, Mjomba, ila ninajua nguo. Kwa hiyo kila nilipofika niliomba kuona zile nguo za mpira wanazowavisha watu, nikazinusa. Usicheke. Mtu asiyesuuza nguo aliyomvua mgeni jana, atakumbuka kukagua mtungi wako wa hewa?

Cha kwanza kina milango ya vioo na kiyoyozi. Nguo zao zinanukia manukato, maana yake zinaficha jambo. Mwalimu alinieleza mambo ya usalama huku akichati.

Cha pili kipo karibu na soko la samaki, na ukinusa nguo huwezi kujua soko linaishia wapi. Mwenyewe aliniambia hakuna haja ya mafunzo, mtu anatumbukizwa tu, mwili wenyewe utajua la kufanya.

Cha tatu ni kidogo, kimejificha nyuma ya duka la fundi wa friji. Mjomba, kile kituo! Nguo zao zinasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zinageuzwa ndani nje, zinaanikwa kivulini kwenye henga pana ili mabega yasivutike. Sijawahi kuona mwanamume anayejua mambo ya kivuli. Mwalimu ndiye anayezifua mwenyewe. Anazungumza polepole, na ukimuuliza kitu anafikiri kwanza, kisha anakujibu kile ulichouliza na siyo kingine. Hakutumbukizi siku ya kwanza. Anakupeleka kwanza kwenye bwawa la kuogelea, mnakaa majini hadi upumuaji wako utulie, na kama hautulii anakuambia urudi kesho, bila kukucheka. Ana namna ya kusimama pale ukingoni, mikono nyuma, mabega yametulia, hata mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikajikuta ninapumua vizuri. Vidole vyake vina makunyanzi ya maji, lakini makucha ni masafi. Akicheka hutoa sauti ndogo kama ya kufungua chupa ya soda. Kwa ufupi, kituo kina ubora.

Kuhusu breki ya pili nitamuuliza.

Muda umekwisha, shuka zinaniita.

Mpwa wako,
Honi


Tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu Honi,

Marahaba. Huku ni wazima. Mama yako ameanza kutembea bila fimbo, na sasa anaitumia kuwaelekeza watu. Mapazia yamelowekwa kama ulivyosema. Kwa sasa ng'ombe wa jirani ndiye wa machungwa, maana alikunywa yale maji yakamtiririka kidevuni.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Cha kwanza umekieleza kwa pumzi moja. Cha pili kwa pumzi moja. Kwa hiki cha tatu umekaa kitako. Mimi nimeuliza habari za breki, wewe umenijibu habari za mabega. Mabega ya mtu yanazuia nini, Honi? Na kicheko cha soda kinanisaidia nini mimi nikiwa na maji mpaka utosini? Sisemi kitu. Ninauliza tu, kama mteja.

Tena sikuona jibu lolote kuhusu yule mtu aliyetajwa na mama yako. Labda ukurasa huo umemezwa na mashine ya soksi.

Mwalimu wako huyo muulize haya: mwanafunzi akishikwa na hofu anamfanya nini? Anampigia kelele? Anamnyang'anya usukani? Na yeye mwenyewe anajua kuendesha gari? Usiniambie swali la mwisho halihusiani. Kwangu kila kitu kinahusiana na gari.

Mazoezi nimekwisha anza. Niliogelea mtoni utotoni, lakini tangu hapo mimi na maji tunakutana bafuni tu. Jumapili nilijaza pipa, nikavaa miwani ya pikipiki, nikatia kichwa ndani huku ninapumua kwa bomba la bustani, na Mkazamjomba wako ameshika ncha ya juu. Ilikwenda vizuri mpaka jirani alipopita, wakaanza umbea, Mkazamjomba wako akaitumia ile ncha kuelekezea nyumba ya mtu. Nilikunywa nusu ya pipa. Jirani alidhani ninafukuzwa na deni, nimejificha.

Kuna jambo linanisumbua, nalisema kwako kwa kuwa wewe si mtu wa kunicheka mbele za watu. Ni mguu wangu wa kulia. Umezoea breki mno. Nikipanda basi ninakanyaga sakafu safari nzima, ninashuka umevimba. Nikiwa kwa kinyozi ninakanyaga. Kitandani ninakanyaga, muulize Mkazamjomba wako. Sijakaa mahali popote katika dunia hii bila breki chini ya mguu nikastarehe. Sasa huko chini nitakanyaga nini?

Usimwambie mtu.

Mjomba wako


Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai pipa limekauka. Huku hatujambo. Yule msichana wa kupiga pasi amepata mtoto wa kiume, tumemshonea nepi kwa taulo zilizochakaa, kila moja ina nembo ya hoteli.

Nimemuuliza mwalimu maswali yako. Alivua miwani, akakaa kwenye kreti la soda, akayafikiri. Anasema kila mwalimu hubeba mdomo wa pili wa kupumulia kwenye mtungi wake, umefungwa kifuani pake. Ikitokea hewa yako ina hitilafu, anakupa huo na mnapanda pamoja, taratibu. Hiyo ndiyo breki ya pili, Mjomba. Kuhusu mwanafunzi anayeingiwa na hofu, anasema hampigii kelele, kwa sababu chini ya maji hakuna kelele. Anamtazama machoni na kumngoja. Nikamuuliza, akikataa kutulia? Akasema, "Namngoja tena."

Kuhusu gari, yeye ni mtu wa boti. Ni fundi sana wa boti.

Kuhusu yule mtu, Mama siku hizi anasikia nusunusu, na nusu ya pili anajiongezea.

Nakushauri uchague kituo cha tatu. Ni ushauri wa kikazi kabisa.

Mpwa wako,
Honi

Nimesahau: kuhusu mguu sijamwambia mtu.


Tarehe 14 Mei

Honi,

Wote wazima, goti zima, mapazia yamepauka, ng'ombe ameoshwa. Nimechagua kituo cha tatu. Ninafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kwa basi la asubuhi. Nitakuja na mto wangu wa kuwekea mguu.

"Fundi sana wa boti" ni jibu la mtu anayepaki mbali na ukingo.

Mjomba


Tarehe 11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumai umefika salama na umewakuta wote wazima. Huku sijambo, yaani si mgonjwa. Ila roho yangu ipo juu, na wewe ndiye uliyeipandisha.

Mjomba, umeondoka bila kusema neno! Wewe! Mtu ambaye alipofika tu alimweleza dereva wa basi makosa yake yote tangu alipoondoka stendi, mbele ya abiria. Kule bwawani ulimfundisha mwalimu namna ya kufundisha. Ulitaka kujua kwa nini miwani haina vioo vya pembeni, ukageuka nyuma kila baada ya pumzi mbili kutazama kama kuna mtu anataka kukupita. Kwenye boti ulikagua injini, ukauliza breki iko wapi, ukaambiwa boti haina breki, na rangi ikakutoka usoni kama shuka iliyolowekwa kwenye dawa usiku kucha. Mpaka hapo ulikuwa mjomba wangu ninayemjua.

Kisha mkashuka. Mimi nilibaki na mwenye boti, nimeng'ang'ania ukingo, ninatazama mapovu. Mapovu hayana habari. Yalikuwa yakitulia mahali pamoja, yanasogea kidogo, yanatulia tena, na mimi sikujua kama unafundishwa, unafurahi, au mnagombana. Ulipotoka ulivua miwani, macho mekundu, ukamshika mwalimu mkono kwa muda mrefu, ukakaa. Nikakuuliza, "Vipi Mjomba?" Ukasema, "Chumvi." Chakula cha jioni ulikula kimya. Asubuhi ulipanda basi, ukaniambia, "Asante, Honi, funga mlango ukiingia," na dereva aliondoka kwa gia ya tatu, gari zima likatikisika, nawe hukusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Basi nimalize mambo ya kuzungushana. Yule mtu ndiye yeye. Nafikiri umekwisha jua, lakini nataka ulisikie kwangu. Nilimfahamu alipokuja hotelini kuuliza sabuni isiyoharibu mpira, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimpelekea sabuni ambayo hakuiomba. Ninampenda, Mjomba. Na leseni hana. Hajawahi kushika usukani wa gari hata wa kuchezea. Ungemweka garini nusu saa kwenye kilima cha sokoni, angefeli kabla ya kufunga mkanda, nami ningempoteza mtu huyu kwa sababu ya klachi. Ndipo zawadi ya Bi Rivasi ilipokuja, nikawaza: heri nimpeleke Mjomba mahali ambapo yeye ndiye mwanafunzi, tena mahali ambapo hawezi kusema.

Nilikuwa ninajiona mjanja. Sasa umenyamaza hadi nchi kavu, na ujanja wote umeniishia. Tafadhali niambie. Amefaulu au amefeli?

Mpwa wako,
Honi


Tarehe 29 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sijapata jibu. Mama ananiambia husemi ndiyo wala hapana, unakaa tu kibarazani na mguu umeuweka juu ya mto. Anasema pia mkono wako una bandeji na kwamba nisiulize. Ninauliza. Bandeji ya nini?

Mwalimu naye nimembana aniambie yaliyotokea huko chini. Amekataa katakata. Anasema ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. Nimemnunia, nimembembeleza, nimemnyima sabuni. Wapi! Wanaume wawili ninaowategemea, wote mmefunga midomo, na mimi katikati ninafua.

Jana nilikuwa na mawazo mpaka nikaiacha soksi nyekundu ndani ya shuka nyeupe za ghorofa nzima. Sasa zote ni za waridi. Wageni wamezisifia, meneja ameuliza kama tunaweza kuzifanya na za ghorofa ya juu, lakini mimi sina furaha.

Kama ni hapana, sema hapana. Nitalia, kisha nitakuja huko kubishana nawe ana kwa ana.

Honi


Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu Honi,

Marahaba, na samahani. Watu wote wazima. Goti la mama yako limetabiri mvua, na kwa mara ya kwanza mvua ikanyesha, kwa hiyo sasa haambiliki. Barua hii utaletewa mkononi na Bi Rivasi, anayekuja huko kikazi. Nimemwomba akifika akukabidhi bila kurudi nyuma.

Kwanza bandeji. Jibu lako niliandika siku ileile nilipopokea swali lako. Nikalitia mfukoni, nikamwambia mwanafunzi niliyekuwa naye atupeleke posta. Ni kijana mpole, fundi cherehani. Njiani nikapata wazo, kwa sababu ya mambo ya huko kwenu ambayo nitayafikia: kwa nini nisiuondoe mguu wangu kwenye breki, nimwache huyu mtu aendeshe mwenyewe? Nikauondoa. Nikaukunja juu ya kiti. Fundi cherehani aliliona tukio hilo akashtuka kuliko mimi, na badala ya kusimama mbele ya sanduku la barua, tulisimama juu yake. Hakuna aliyeumia isipokuwa kifundo cha mkono wangu, na heshima. Sanduku lililala kifudifudi. Mkuu wa posta alitoka nje, akanitazama, nami nikatoa bahasha mfukoni nikamwomba anipokelee. Alinijibu kwamba mpaka lile sanduku lisimame tena, hapokei kitu kutoka kwangu hata stempu. Limesimama juzi. Na mkono wa kuandikia ndio uliokuwa na bandeji, na Mkazamjomba wako sikutaka aniandikie, kwa sababu kuna mambo humu hayajui.

Kuhusu ujanja wako, pole sana. Nilijua tangu barua ya kwanza. Hakuna binti duniani anayemsifia mwanamume kwa kujua mambo ya kivuli bila kuwa na lake. Nilikichagua kituo cha tatu kwa sababu hiyohiyo. Nilisema moyoni, hawa wanataka kunipeleka nisikoweza kusema. Vizuri, macho ninayo. Nilikuja kumfelisha, Honi. Nakuambia kweli. Mtu asiye na leseni anayemtaka mpwa wangu! Nilikuwa nimekwisha yapanga na maneno.

Pale kwenye boti aliponifunga mkanda wa vyuma vya kumzamisha mtu, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alijua mimi ni nani na nimekuja kufanya nini. Lakini mkanda aliukagua, akarudia kuukagua, na kutetemeka kwake hakukuingia kwenye fundo. Akaniambia, "Mzee wangu, huko chini hakuna haraka." Tukaingia.

Tulikuwa tunashuka kwa kamba ya nanga, yeye chini kidogo, ananitazama. Na hapo, mpwa wangu, mguu ukaanza. Nikakanyaga. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena, maji matupu. Nakwambia sijawahi kuogopa hivyo, hata siku Bi Rivasi aliporudi nyuma kwenye daraja. Miaka yote mimi ndiye niliyewashikia watu breki, na sikuwahi kukaa upande ule mwingine. Nilikuwa nakanyaga kama mwendawazimu, pezi la mpira la mguuni linapigapiga, pumzi zinakatika, na nikaanza kulia. Ndani ya miwani. Kumbe ukilia ndani ya miwani machozi hayana pa kwenda, yanakaa nawe.

Yeye hakunishika kwa nguvu. Hakunipandisha. Alinitazama machoni, akangoja, kama ulivyoniandikia. Nikaendelea kukanyaga. Akautazama mguu. Kisha akashuka kidogo, akaweka kiganja chake chini ya unyayo wangu wa kulia, akakikaza.

Nikakanyaga. Tukasimama.

Nililegeza. Tukashuka kidogo. Nikakanyaga, tukasimama pale pale. Honi, alinipa breki! Mtu huyu hajui breki ya gari inafananaje, wala hukumwambia habari za mguu wangu, nakuamini kwa hilo. Aliona tu ninachokosa, akanitengenezea kwa mkono wake. Tulishuka kamba nzima hivyo, kila ninapotaka tunasimama, hakuchoka wala hakuharakisha. Ndiyo yale mapovu yaliyokuwa yanatulia na kusogea. Tulipofika kwenye mchanga aliondoa kiganja polepole, akanitazama kuuliza. Mguu ulikuwa umetulia. Umetulia, Honi! Ukaelea wenyewe kama mguu wa mtu mwingine.

Mwamba wenyewe siwezi kukueleza. Rangi zile hata mapazia ya Mkazamjomba wako yangeona haya. Nilimwona samaki mmoja mnene mwenye mdomo wa mkaguzi wetu wa leseni, ananitazama vilevile, kama ninayemchelewesha. Nikapiga kelele za furaha, zikatoka mapovu. Kisha nikaona mchumba wako anazima kicheko, na mimi nikamcheka yeye, na hakuna aliyesikia.

Nilinyamaza kwa sababu nisingeweza kukusimulia bila kulia mbele ya mwenye boti. Ndiyo sababu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa ninamfikiria mwalimu wa hesabu na daktari wa meno, na nusu saa zangu zote, na jinsi nilivyokuwa nikikaa pembeni mguu juu ya breki, nikingoja wakosee. Nilidhani kwa kufanya hivyo ninakulinda.

Tangu nirudi ninalala bila kukanyaga. Mkazamjomba wako anadhani ni dawa ya kuchua aliyonipaka, naye amewauzia majirani watatu. Usimwambie.

Sasa sikiliza jibu lako. Amefaulu. Amefaulu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkagua, na mimi nikiwa mwanafunzi mbovu. Mama yako nimemwambia jana, akarusha fimbo. Mwambie mchumba wako aje kutuona, na kama atapenda nitamfundisha gari mwenyewe. Siku ya kwanza nitakaa kiti cha abiria na miguu yote miwili nitaikunja, liwalo na liwe. Posta nimewatahadharisha.

Lakini hiyo ni baadaye. Kwanza aje, aje hivyohivyo alivyo, bila leseni.

Mjomba wako